Kijineno Kimoja Mbele ya Jina la Nchi



Mwezi uliopita mjukuu wangu anayesoma Uingereza alikuja kwetu Maskati kwa likizo, akajitwika kazi ambayo sisi watu wazima wa ukoo huu tumeikwepa kwa miaka mingi: kuuandika mti wa nasaba yetu kwa Kiingereza, ili watoto wetu waliozaliwa ugenini, wasiosoma Kiswahili wala Kiarabu, nao wawajue watu wao. Yeye alishika kompyuta, mimi nikashika daftari la marehemu baba yangu, nikawa namsomea. Huyu kazaliwa Unguja. Huyu Ngazija. Huyu alifuata biashara ya pembe hadi Kongo, hakurudi. Huyu Yemen, huyu Oman, wale watatu Dubai, na wa mwisho, ambaye ni yeye mwenyewe, London.

Hatukufika mbali akasita. "Bibi, hapa nitie 'the' au nisitie?"

Nikamwuliza ni wapi hapo.

"Komoro naitia, Oman siitii. Falme za Kiarabu naitia, Zanzibar siitii. Kongo sina hakika. Na Yemen, walimu wetu hawaitii, lakini vitabu vya zamani vya babu vinaitia. Nani anayeamua, Bibi?"

Nimefundisha Kiingereza katika skuli za wasichana hapa Maskati kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanafunzi wangu waliniuliza mara nyingi kijineno hicho kinatiwa wapi, na jibu nilikuwa nalo ubaoni kabla swali halijamalizika. Nani anayeamua, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia mjukuu wangu aache nafasi wazi, nitamjibu. Haya ndiyo majibu yangu, na nayaandika hapa kwa kuwa naamini yanatuhusu sote wenye jina la ukoo huu.

Nianze na yale ya ubaoni. Kiingereza hakiweki kijineno "the" mbele ya jina tupu la nchi. Kenya hailipati, Oman hailipati, Ufaransa hailipati. Hulipata nchi za aina tatu. Ya kwanza ni zile ambazo ndani ya jina lao mna neno la kawaida linalotaja namna ya dola: ufalme, jamhuri, muungano. Ndiyo maana Marekani hulipata, na Falme za Kiarabu pia. Ya pili ni zenye majina ya wingi, hasa visiwa: Komoro, Maldivi, Bahama, Ufilipino. Uholanzi nayo imo humu, kwani kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya nchi za chini, na kweli sehemu ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Ya tatu ni zile ambazo jina lao lilikuwa la mto, mlima au eneo kabla ya kuwa la dola. Gambia ni mto, Kongo ni mto, Lebanon ni mlima.

Ukizitazama aina hizo tatu kwa utulivu utaona kwamba ni jambo moja. Kijineno hicho hufuata maelezo, hukimbia jina. Palipo na jina halisi, hakina kazi. Palipo na maneno yanayoeleza kitu, yaani visiwa vile, ufalme ule, nchi ya mto ule, hapo hujitokeza.

Na wala jambo hili si la Kiingereza peke yake. Ukoo wetu una lugha tatu, na zote tatu zinalijua. Kiarabu kina "al" yake, alifu na lamu. Al-Yaman ni upande wa kulia, yaani kusini kwa mtu aliyeelekea mashariki. Al-Maghrib ni machweo. Al-Jazair ni visiwa, Al-Bahrain ni bahari mbili, Al-Kuwait ni ngome ndogo. Yote hayo ni maelezo yaliyogeuka majina, na "al" ndiyo alama iliyobakia ya kule yalikotoka. Lakini Uman, Misr na Qatar zinasimama peke yake, hazina kitu mbele.

Kiswahili chetu hakina kijineno cha namna hiyo, hata hivyo kina njia yake inayokaribiana. Mtaa wa Forodhani umepata jina kwa forodha, Darajani kwa daraja, Mkunazini kwa mkunazi. Maneno hayo ya kawaida yalivishwa "-ni" yakawa majina ya mahali. Lakini nani amewahi kusema anakwenda Ungujani au Mombasani? Jina halisi la mahali huikataa "-ni" kama vile Oman inavyoikataa "al" na "the". Sisemi kwamba vijisehemu hivi vitatu vina kazi moja katika sarufi, havina. Nasema kwamba bibi zetu, ambao hawakukaa darasani hata siku moja, walikuwa wakitofautisha jina na maelezo bila kukosea.

Sasa nirudi kwenye nafasi ile iliyoachwa wazi. Ikiwa kijineno kinafuata maelezo, basi lazima tuulize: nani aliyekuwa akieleza, na alikuwa amesimama wapi? Hakuna anayeieleza nyumba yake mwenyewe kuwa ni ile ya ng'ambo ya mto. Anayesema hivyo ni aliyesimama ng'ambo ya pili.

Chukueni Sudan. Waandishi wa Kiarabu wa zamani waliliita eneo kubwa la kusini ya Sahara Bilad as-Sudan, nchi za watu weusi. Hayo ni maelezo ya mtu anayetazama kutoka kaskazini. Wakaja Waingereza, wakatawala pamoja na Misri kuanzia 1899, wakasema "the Sudan". Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Januari 1956 na jina likabaki. Au chukueni Ukraine. Wako wanaolifasiri jina hilo kuwa ni mpakani, na wako wengi wa nchi hiyo wanaolifasiri kuwa ni nchi tu, nchi yetu. Ilipojitangazia uhuru mwaka 1991 iliwataka wasemao Kiingereza waache "the", kwa sababu kijineno kile kiliifanya isikike kama jimbo la mtu mwingine. Ajabu ni kwamba Kiukraine chenyewe hakina kijineno cha namna hiyo, kama Kiswahili. Lakini hata huko kwao palikuwa na ugomvi wa neno dogo. Kirusi hutumia "na" kusema mtu yuko kwenye kisiwa au eneo fulani, na "v" kusema yuko ndani ya dola. Mwaka 1993 serikali ya Ukraine iliitaka Urusi iseme "v". Aliyeliona hilo kuwa jambo dogo wakati ule, sidhani kama leo bado analiona dogo.

Hapa ndipo ndugu zetu wawili walipoingia mjadalani siku ile barazani, kila mmoja na upande wake. Binamu yangu mmoja, mtu wa vitabu, alisema tufuate waandishi wakubwa wa zamani: tuandike "the Sudan", "the Yemen", "the Lebanon", hicho ndicho Kiingereza fasaha. Mpwa wangu, kijana wa siku hizi, alisema kinyume chake, kwamba kijineno hicho ni baki la ukoloni na tukifute chote mti mzima.

Sikubaliani na yeyote kati yao.

Kwa binamu yangu nasema hivi: ufasaha wa vitabu hivyo haukuwa na kanuni unayodhania. Waingereza waliitia "the" Yemen, ambayo Kiarabu chake kina "al", lakini hawakuitia Kuwait wala Bahrain, ambazo nazo zina "al". Wakaitia Lebanon, ambayo Waarabu wenyewe huita Lubnan bila "al" yoyote, kwa sababu mlima uliwajia akilini kabla ya nchi. Hiyo ilikuwa desturi, na desturi ya wageni haina haki juu ya mwenye jina pindi mwenye jina anaposema.

Kwa mpwa wangu nasema: wewe nawe unawasemea watu bila kuwauliza. Gambia ilipokuwa ikielekea uhuru, mwaka 1964, serikali yake yenyewe iliomba kijineno hicho kibakie, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina lake lisichanganywe na la Zambia, nchi nyingine iliyokuwa ikipata uhuru mwaka huohuo. Bahama ilipopata uhuru mwaka 1973 ilikiandika ndani ya katiba yake, tena kwa herufi kubwa. Na Sudan, ambayo magazeti mengi sasa huiandika bila "the", bado inakitumia katika jina lake rasmi la Kiingereza kwenye Umoja wa Mataifa, na watu wake wanapolitaja jina la nchi yao kwa Kiarabu husema as-Sudan kila siku ya Mungu. Ukiwaondolea kijineno hicho kwa nia ya kuwakomboa, unamkomboa nani? Kongo nayo ilijiita Zaire kuanzia 1971 hadi 1997, na Kiingereza kikaacha "the" siku jina lilipobadilika. Lilipokuja tena jina la Kongo, kijineno nacho kikarudi, na kimo katika jina rasmi la jamhuri zote mbili zinazoitwa hivyo.

Kwa hiyo kijineno hicho peke yake si heshima wala si dharau. Ni kama kovu. Mtu mmoja hulificha kovu lake na mwingine hulionyesha kwa fahari, na sisi tulio nje hatuna la kufanya ila kumsikiliza mwenye mwili.

Mtaniuliza, je, si tunakuza jambo dogo? Wapo watoto wasio na maji safi huko Sudan na Yemen, nasi tumekaa barazani tukibishana juu ya herufi tatu. Nami ningesema hivyohivyo, lau si yaliyotupata wenyewe.

Jina la kabila letu lina "al" mbele. Lakini tulipokuwa Unguja, makarani waliotuandikia vyeti vya kuzaliwa hawakuiandika, na hakuna aliyeona kasoro. Mtu alijulikana kwa baba yake na kwa mtaa wake. Baada ya 1970, milango ya Oman ilipofunguliwa kwa watu wa asili ya Oman waliokuwa ng'ambo, baba alikuja na baadhi yetu, na katika pasipoti mpya "al" ikarudishwa mahali pake. Kaka yangu akaandikwa nayo. Mimi nikaandikwa nayo, na mwishoni nikaongezewa silabi ya kike kama ilivyo ada ya huku. Dada yetu mkubwa alikuwa ameolewa Unguja, akabakia na cheti chake cha zamani.

Baba alipofariki, dada alikuja kuzika na kupokea fungu lake la mirathi. Katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, aliambiwa kuwa karatasi zake hazionyeshi kwamba ni binti wa marehemu, kwa kuwa jina la marehemu lina "al" na la kwake halina. Jambo hilo lilichukua miezi kumi na moja, hadi walipopatikana wazee watatu waliomjua baba tangu Malindi ya Unguja, wakatoa ushahidi. Siku ile ya kwanza dada yangu hakulia mbele ya karani. Alilia garini. Akasema, "Basi mimi si mtoto wa baba kwa sababu ya alifu na lamu?"

Tangu siku hiyo simwambii mtu yeyote kuwa neno lake ni dogo.

Lakini tusijifanye kuwa sisi ni wenye kuelezwa tu, wala hatujawahi kueleza wengine. Hii nchi ninayoishi sasa, wazee wetu wa Unguja waliiita Manga. Aliyetoka Maskati au Sur kwa jahazi la kaskazi aliitwa Mmanga, na neno hilo halikuwa tamu sikuzote. Lilibeba kicheko cha mtu wa mjini kwa mgeni mwenye vumbi. Hakuna Momani hata mmoja aliyewahi kuiita nchi yake Manga. Tulipohamia huku ndipo mizani ikageuka, nasi tukaitwa Wazinjibari, kwa kicheko kilekile. Na huko Unguja tunasema "Bara", kana kwamba watu wa huko huamka asubuhi wakajiona wako bara badala ya kuwa kwao. Wao nao wanasema "Visiwani". Sijapata kumsikia bibi yeyote wa Malindi akisema kuwa kwao ni Visiwani.

Hata jina la lugha hii ninayoandikia ni maelezo ya mtu aliyekuwa chomboni. As-Sawahil ni pwani, kwa wingi, kama zinavyoonekana na nahodha anayezikaribia kutoka baharini. "Al" ilidondoka njiani, jina likabaki, nasi tukalifanya letu hata leo hatukumbuki kuwa ni la kupewa. Hilo linanipa moyo. Jina lililotoka nje laweza kuwa la ndani, bora wenyewe walitie mdomoni kwa hiari yao.

Kuna jambo jingine nililoliona nilipokuwa nikipanga karatasi za ukoo, nalo ndilo lililonisaidia kumjibu mjukuu wangu. Mimi nilizaliwa Unguja mwaka 1951, chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 10 Desemba 1963 nchi ikawa dola huru chini ya Sultani. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1964, ikawa Jamhuri ya Watu. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ikaingia katika Jamhuri ya Muungano, na Oktoba jina la Tanzania likapatikana. Kwa upande wa pili wa bahari, baba alizaliwa raia wa Usultani wa Maskati na Oman, akafa raia wa Usultani wa Oman, kwa kuwa jina hilo lilibadilishwa mwaka 1970. Himaya, jamhuri, usultani, muungano: kwa Kiingereza kila mojawapo ina "the" mbele yake. Dola zilikuja na kijineno, zikaondoka nacho. Zanzibar na Oman, katika misukosuko yote hiyo, zimebaki bila kitu mbele yake, kama zilivyokuwa katika vinywa vya babu zetu.

Basi huu ndio uamuzi nilioufikia, na ndugu wenye maoni mengine wanaweza kunijibu. Katika mti wetu, mbele ya kila mtu tuandike mahali alipozaliwa kwa jina alilolitumia mwenyewe, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina rasmi la leo kama wenye nchi wanavyotaka liandikwe kwa Kiingereza. Bi mkubwa wetu wa Ngazija aandikwe Ngazija, kwa maana maishani mwake hakujiita mtu wa Komoro, na chini yake iandikwe Komoro pamoja na kijineno chake, kwa kuwa ndivyo inavyosema dola iliyojitangazia uhuru mwaka 1975. Yule wa Yemen aandikwe Al-Yaman, na chini yake Yemen bila "the", kama nchi hiyo inavyojiandika yenyewe. Aliyepotelea Kongo aandikwe Manyema, kama barua yake ya mwisho inavyosema. Na dada yangu aandikwe jina lake kama lilivyo kwenye cheti chake cha Unguja, bila "al", kando ya kaka yangu mwenye "al", chini ya baba mmoja. Atakayeusoma mti huu miaka hamsini ijayo na akashangaa, aulize. Kuuliza ndiko tunakokutaka.

Nilipomsomea mjukuu wangu uamuzi huu kwa simu, alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na mimi, Bibi? Nimezaliwa London, lakini ile ni Ufalme wa Muungano, ina 'the'. Niandike lipi juu, lipi chini?"

Nikamwambia, "Mama, hilo la juu siwezi kukuandikia mimi."

Nafasi yake bado iko wazi. Hana haraka, nami simharakishi.

Wabillahi tawfiq.